Ukuta wa Nyuma

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu ilikuwa haisikii. Mama akinituma kisimani, ndoo inakutwa kando ya njia na mimi mwenyewe nimeshafika barabarani natazama malori. Nilichapwa, nikanyimwa chakula, nikafungwa kitenge kiunoni na kuunganishwa na dada yangu kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Wapi! Kijiji chetu kiko upande wa Kalenga, mahindi mpaka macho yachoke, na mimi kila nikiyatazama yale mahindi nilikuwa nawaza yanaishia wapi.

Majirani walisema sina adabu. Mama alisema nina wazimu. Bibi, mama yake baba, ndiye peke yake aliyenitetea, na utetezi wake ulinitisha kuliko fimbo.

"Mwacheni Vika," alisema. "Hiyo siyo miguu yake. Hiyo ni miguu ya baba yangu."

Baba yake Bibi aliitwa Luvanda, na habari zake tulizijua wote kama sala. Aliondoka nyumbani Bibi akiwa bado anabebwa mgongoni, akaenda kwa miguu hadi Makongolosi, huko Chunya, kuchimba dhahabu. Huko huko vita ya Mwingereza ikamkuta. Wakamvika kabuti, wakampa bunduki, wakampeleka Bama, ng'ambo ya bahari. Vita ilipokwisha, mtu mmoja wa kwetu alirudi akasema kuna mto walivuka usiku wa mapigano, na baada ya mto ule Luvanda hakuonekana tena. Basi akaliliwa matanga, watu wakanyoa nywele, na mke wake akarithiwa na mdogo wake kama ilivyokuwa desturi. Bibi akalelewa na baba mdogo. Kaburi halikuwepo.

"Mtu asiye na kaburi hana pa kukaa," Bibi alikuwa akisema. Kwetu roho za wazee waliotangulia tunaziita masoka, na yeye aliamini masoka yakikosa kaburi hutangatanga hadi yapate miguu ya kuazima. Kwanza yalimwazima mwanawe wa kwanza, baba mkubwa Vitalis, aliyekwenda Zambia na hajarudi hadi leo ninavyoandika. Kijiji kizima kilimwita Bibi kwa jina la mwana huyo: Mama Vitalis, habari za asubuhi, Mama Vitalis, tuazime jembe. Kila siku aliitwa kwa jina la mtu aliyepotea, halafu akigeuka ananiona mimi nikichungulia barabara.

Kuna desturi nyingine lazima niieleze hapa, maana bila hiyo habari hii haina miguu. Mtu akishaliliwa matanga, kisha akatokea yuko hai, haingii kwa mlango. Mlango ni wa walio hai, na yeye ameshatolewa katika hesabu yao. Walio ndani wenyewe ndio wanaobomoa ukuta wa nyuma, anaingia kwa magoti kama anazaliwa, anaoshwa, ananyweshwa uji. Ndipo anapewa mkono na kusalimiwa. Niliona mara moja kwa macho yangu, mzee mmoja jirani aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga wakati ndugu zake walishamlilia matanga. Tulicheka sana sisi watoto kuona mvi zile zikipita kwenye tundu. Bibi alinifinya sikio hadi nikalia.

Mwaka mmoja nilipanda lori la mbao, nikakutwa Mafinga. Baba aliponirudisha, Bibi hakugomba. Kesho yake alifunga mzigo.

"Nakwenda kumchukua," alisema. "Bama siijui. Lakini Makongolosi ndiko miguu yake ilikoondokea. Nitachota udongo wa huko, nije niuzike. Na mtoto huyu ndiye atakayeubeba."

Baba akajaribu. "Mama, Jumapili unapokea komunyo, leo unakwenda kubeba mizimu?"

"Jumapili nina Mungu," Bibi akamjibu. "Jumatatu nina baba."

Loo, furaha yangu! Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kusafiri na mizimu yenyewe. Njiani Bibi alinifundisha sheria. Udongo ukishachotwa, mbebaji haongei na mtu yeyote hadi nyumbani. Akilazimika kusema, ni na udongo tu. Kila mto na kila njia panda lazima marehemu aambiwe: tunavuka, tunakata kona, usibaki. Na kwenye gari akatiwe tiketi ya kiti chake, asibebwe kama gunia.

Basi tulilala Mbeya kwa ndugu, kesho yake tukapanda milima ile yenye baridi na kuteremkia Chunya, vumbi likituingia hadi kwenye meno. Makongolosi ilikuwa kelele tupu. Mashine zinasaga mawe, vijana wana matope hadi kwenye nyusi, kila mtu anakwenda mahali haraka. Mimi nilijisikia nimefika kwetu.

Bibi aliuliza kama kuna mtu anayewakumbuka Wahehe waliochimba pale kabla ya vita. Watu wakatuelekeza kwa mama mmoja muuza chai. "Muulizeni Mama Hadija, baba yake alikuwa Mhehe."

Mama Hadija alikuwa mtu mzima, mtandio kichwani, anakaanga maandazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye karai.

"Namtafuta mtu aliyemjua Luvanda wa Kalenga," Bibi akasema. "Aliondoka hapa kwenda vitani, akafia Bama."

"Luvanda gani huyo aliyefia Bama?" Mama Hadija akauliza. "Luvanda ninayemjua ni baba yangu, na amefia hapa, kwenye kitanda changu. Bama alirudi. Alirudi na kabuti lake na sikio moja lisilosikia."

Bibi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yabaki yalivyo. "Basi atakuwa mwingine."

"Na wewe mama ni nani?"

"Mimi ni mtoto wake. Tabu."

Sikuwahi kulisikia jina hilo likitamkwa. Bibi aliitwa Mama Vitalis, aliitwa Bibi. Wote waliokuwa wakimwita Tabu walishalala makaburini. Mama Hadija akaweka kijiko chini. Alimtazama Bibi puani, mdomoni, akarudi puani, kisha akavuta kigoda akakaa kwa uzito.

"Mimi ndiye Tabu," akasema. "Hadija ni mwanangu. Baba alinipa jina la mtoto aliyemwacha kwao."

Maandazi yaliungua. Nakumbuka harufu ile hadi kesho, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kuyaepua. Niliyaepua mimi.

Alichosimulia Mama Hadija ni hiki. Luvanda alijeruhiwa kwenye ule mto, akalazwa hospitali za jeshi mwaka na zaidi hata baada ya vita kwisha; aliporuhusiwa akapanda lori hadi Iringa, au tuseme hadi karibu na Iringa, pale Ipogolo, chini ya mlima wa mji, kwenye daraja la Ruaha Mdogo. Alishuka anawe uso apande nyumbani safi. Mwanamke mmoja wa kijijini kwetu alikuwa akivuka na kapu la maharage. Alipomwona alitupa kapu, akakimbia akipiga yowe. Watu wengine waliosimama kwa mbali ndio waliompa habari: wewe umeliliwa. Nywele zimenyolewa. Mkeo yuko kwa mdogo wako, ana mtoto mwingine mgongoni.

"Alikaa pale darajani hadi jua likageuka," Mama Hadija akasema. "Halafu akageuka na yeye. Akarudi huku, akasilimu, akamwoa mama yangu."

Alitupeleka makaburini. Kaburi lilikuwa safi, limezungushiwa mawe. Nilimtazama Bibi nikitegemea atalia. Hakulia. Alisimama ameshika kiuno, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkaripia mtoto.

"Alikuwa hai. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika mama, na yeye yuko hapa anakunywa chai! Huyu hakupotea. Huyu alitukataa."

"Usiseme alikataa, dada," Mama Hadija akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. "Kila mwaka baada ya mavuno alivaa kabuti, akafunga mzigo. Mama yangu alikuwa analia, anajua safari hii haonekani tena. Anafika Chunya. Anakaa stendi. Anarudi. Mwaka mwingine hivyo hivyo. Nikimuuliza, baba vipi? ananiambia, kwetu mimi ni maiti, na maiti haipigi hodi."

"Kwani hakujua kuna ukuta wa nyuma?"

"Alijua. Alinieleza yote. Alisema ukuta ule hauombwi. Wanabomoa walio ndani, wakitaka wenyewe. Alikuwa anasubiri mtu aje kumwita."

"Tungemwitaje?" Bibi akafoka. "Mtu unayejua amekufa unamwitaje?"

Nimelifikiria jambo hili nikiwa barabarani miaka mingi. Yule mwanamke wa maharage lazima alisimulia kijijini. Nadhani alisema ameona mzimu darajani, wakamwamini kabisa, wakaogopa kukanyaga pale kwa muda. Kumbe mzimu wenyewe ulikuwa umekaa kwenye jiwe una njaa, unasubiri kuambiwa njoo.

Mwishowe Mama Hadija ndiye aliyeinama. Alinong'ona Fatiha, akachota udongo kwa mkono wake, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akanipa mimi. "Nusu mchukue," alisema. "Nusu niachieni. Mimi ndiye niliyemuuguza."

Kuanzia hapo nikafunga mdomo. Bibi naye akafunga wake, lakini kwa hasira. Mwenye kumwambia marehemu njia anatakiwa awe mwanawe wa kumzaa; mjukuu na kitukuu ni wabebaji tu. Tulipofika mto wa kwanza nikamgusa Bibi mkono. Akageukia dirishani. Mto ukaanza kutupita, na mimi nikashikwa na woga kwamba babu atabaki kule porini na miguu yangu itabaki naye. Nikainamia kile kifurushi nikasema kwa kunong'ona, "Babu, tunavuka."

Basi ikawa kazi yangu. Babu, huku ndiko Mbeya, usishuke, ni mji tu. Babu, hapa ni Igawa, kuna daraja. Babu, hii ni Makambako, ile ya kulia inakwenda Songea, siyo yetu hiyo, sisi twende moja kwa moja. Nilikuwa mtoto wa kuondoka tu katika maisha yangu yote, na hapo ndipo nilipojifunza kumrudisha mtu.

Kwenye basi la kutoka Mbeya tulikuwa na viti vitatu: cha Bibi, changu, na kimoja kitupu katikati yetu. Konda alikuja na abiria mnene mkononi.

"Mama, hiki kiti cha nani?"

"Cha baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Kwani humwoni?"

Konda alinigeukia mimi. "We mtoto, babu yenu yuko wapi?" Mimi siruhusiwi kuongea, nikamtolea macho tu, nikapakata kifurushi. Mzee mmoja kiti cha nyuma akavua kofia yake. Konda akamtazama yule abiria, yule abiria akasema ah, mimi nasimama tu, hata sina safari ndefu. Nilitamani kucheka nikaogopa. Kilichonishangaza ni Bibi: alikuwa amekataa kuongea na baba yake tangu Makongolosi, lakini hakukubali mtu amkalie.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipokaribia Ipogolo. Mlima wa Iringa ulionekana na nyumba zake juu. Nikafungua mdomo niseme babu, hili ni daraja la Ruaha, ndipo mkono wa Bibi ukanishika.

"Shusha hapa!" akamwambia konda.

"Mama, tiketi yenu ni ya mjini."

"Shusha hapa nimekwambia!"

Wakatushusha. Nadhani walifurahi. Bibi akasubiri basi litutangulie, akakichukua kifurushi mikononi mwangu, akatembea nacho hadi mwanzo wa daraja. Chini maji yalikuwa yanakwenda, kuna akina mama wanafua. Alisimama muda mrefu hadi nikadhani na yeye atageuka. Kweli niliogopa. Niliona mguu wake mmoja umeelekea nyumbani na mwingine sijui unataka nini.

"Baba," akasema hatimaye. "Ni mimi, Tabu. Daraja ni hili, unalijua." Akakivuta kifurushi kifuani. "Yule mwanamke alikuwa mjinga. Mama hakukukosea, alirithiwa, hakuulizwa. Lakini na wewe, baba! Ukuta wa udongo! Ungekohoa tu nyuma ya nyumba, ningeubomoa mimi kwa kucha zangu, nikiwa mdogo vile vile. Nilikusubiri kila siku. Kila mgeni akipiga hodi nilikimbia mimi wa kwanza."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, hadharani, mbele ya malori, na akina mama waliokuwa wanafua wakasimama na nguo mikononi. Mimi nililia pia, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba Bibi alishawahi kuwa mtoto anayekimbilia mlangoni.

Akajipangusa kwa ncha ya khanga. "Haya. Nimekuja kukuita. Tunavuka. Safari hii hakuna kugeuka."

Tukavuka kwa miguu.

Kijijini Bibi hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwaita baba na vijana wa ukoo na majembe yao, akawaonyesha ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Baba alitaka kusema neno la komunyo, akautazama uso wa mama yake, akavua shati. Ukuta ule ulianguka kabla chungu cha uji hakijachemka. Walio nje wakampitisha babu, walio ndani wakampokea. Bibi alinyunyizia kifurushi maji, akakiwekea uji wa ulezi mbele yake, akakaa nacho sakafuni. Kesho yake tulimzika na wenzake. Katekista alikuja, akasimama pembeni kidogo, akaitikia amina.

Mtu atauliza, je, miguu ilitulia? Hapana. Nisidanganye. Baba mkubwa Vitalis hakurudi, na mimi kabla mahindi hayajavunwa nilishakutwa tena barabarani. Bibi alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni yako mwenyewe." Alionekana kama amepumua. Hakunichapa tena, na lile tundu hakulizibisha. Alilitilia fremu na kibao, likawa mlango mdogo wa nyuma ambao kuku waliutumia kuliko watu.

Nimekuwa mtu mzima wa kuhangaika. Nimeuza mchele, nimeuza viazi vya Uyole, nimeishi Makongolosi kwenyewe msimu mmoja kwa mabinti wa Mama Hadija. Niliolewa Mbeya na mwanaume ambaye ukoo wangu wote ulinikataza. Padre alikataza, baba alikataza, na mimi nikawajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikawaambia wanihesabu nimekufa. Baba akasema sawa.

Ndoa ile ilipokwisha, iliisha vibaya. Nilipanda basi na begi moja na jicho limevimba. Ipogolo nikashuka. Sijui kwa nini nilishuka. Nilisimama pale pale mwanzo wa daraja nikitazama mlima, nikawaza baba atasema nini, majirani watasema nini, nikaona basi la kurudi Mbeya linakuja, nikaliinulia mkono. Lilisimama. Konda akafungua mlango. Naapa nilishakanyaga ngazi.

Kisha nikasema peke yangu, kwa sauti, "Vika, tunavuka." Konda akadhani naongea na simu. Nikashuka.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Sikuthubutu kupita mbele, baba alikuwa barazani. Nikazunguka kwenye migomba, nikainama na begi langu. Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa wazi. Bibi, mzee kabisa sasa, alikuwa amekaa ndani yake kwenye kigoda, anachambua maharage. Aliinua macho kwenye lile jicho langu, akayarudisha kwenye ungo, kisha akasogeza kigoda pembeni nipate njia.

"Nimekuwa nauacha wazi," alisema. "Tangu ulipoondoka. Baba yangu nilichelewa kumwita."

Nikakohoa, nikaingia kwa magoti. Akanipa uji. Nilipomaliza kikombe ndipo alipoita kwa sauti kuelekea barazani, "Baba Vika! Njoo umsalimie mgeni wako."

Nikasikia kiti cha baba kikisogea.